Kimya, Tunarekodi

Wazazi wenzangu, wekeni simu chini kwanza. Hata wewe mama unayejidai unatazama saa, weka. Ninayotaka kuyasema ni ya nyumba moja tu, ile yenye duka la mapazia karibu na daraja la zamani, na wengi wenu mnaijua. Ila kama kuna mtu atajikuta humo ndani, asije akaninunia. Mimi sikumwingiza, kaingia kwa miguu yake.

Zamani si nyingi nyumba ile ilikuwa na raha yake. Jioni ikifika, mama wa nyumba, Wan Fengmei, alifunga cherehani akaenda jikoni, na harufu ya nyama ya kukaangwa kwa pilipili ikatoka mpaka barabarani. Mumewe yuko mbali, mkoani Guangdong, kwenye kazi za ujenzi, huja Mwaka Mpya tu. Kizingitini walikaa wawili: Peiqing, binti yao, mwanafunzi wa mwaka wa pili sekondari, kitabu cha Kiingereza mapajani, na babu yake mzaa baba, Mzee Rao, bakuli la maharage ya kumenya katikati ya magoti.

Mzee Rao hakuwa na Kiingereza hata cha kuombea maji. Lakini ujanani alikuwa mtu wa sinema. Alibeba mashine begani kutoka kijiji hadi kijiji huko milimani, akatundika shuka jeupe kwenye uwanja wa kuanikia mpunga, na filamu ikiwa ya kigeni alisimama kando ya shuka akiwaeleza watu nani kasema nini na kwa nini yule mwanamke analia. Mara nyingine naye hajui, anabuni. Watu walimpenda hivyo hivyo.

Kwa hiyo Peiqing akimaliza kusoma kwa sauti, mzee humtupia swali lake moja, kila siku lile lile.

"Hadithi inasemaje?"

"Babu, hii si hadithi. Ni zoezi la msamiati."

"Lina watu ndani?"

"Lina."

"Basi ni hadithi. Hao watu wanafanya nini?"

Hapo ndipo mtoto alipobanwa. Kusoma amesoma, tena vizuri, lakini hao watu wanafanya nini? Hurudi kwenye aya, hufungua kamusi, hutafuta neno, hulikosa, hubahatisha, halafu humweleza babu yake kwa lugha ya nyumbani.

"Kuna kijana anaitwa Jack. Kaenda maktaba, kasahau mwavuli wake huko."

"Huyo Jack juzi si alikuwa maktaba?"

"Ndiyo."

"Na kabla ya hapo?"

"Maktaba vilevile, Babu."

"Ala! Kwao hakuna kazi huyo? Mama yake anajua?"

Peiqing alicheka mpaka kitabu kikamwanguka, na lile neno la mwavuli halijamtoka kichwani mpaka leo. Nataka mlishike hilo. Mtoto yule, kwenye kizingiti kile, kati ya maganda ya maharage, alikuwa anajifunza.

Sasa sikilizeni lilipoingia balaa. Mwanzoni mwa muhula wa pili, mwalimu wao wa Kiingereza, Mwalimu Xie, akaleta utaratibu mpya kwenye kundi la wazazi la simu. Kila jioni kabla ya saa mbili, kila mzazi atume video ya mtoto wake akisoma aya ya siku hiyo. Nia ilikuwa njema, simsemi kwa ubaya. Mtoto aliyesoma vizuri kuliko wenzake anatajwa kuwa Sauti ya Siku, na wazazi wengine wanammiminia picha za maua na vidole gumba.

Siku ya kwanza tu, Peiqing akawa Sauti ya Siku.

Lo! Mngemwona Fengmei. Kwenye kundi lile yeye alikuwa mtu wa kusoma na kunyamaza. Wenzake ni walimu, ni watu wa benki, yeye anashona mapazia. Leo Mama Siyuan, mke wa daktari wa meno, mwanamke ambaye dukani hata salamu humtolea puani, anamwandikia: "Mama Peiqing, hongera sana! Hebu tupe siri yako." Fengmei aliusoma ujumbe ule akiwa amesimama, akakaa akausoma tena, na wali ukaungua jikoni.

Tangu siku hiyo nyumba ikageuka studio. Fengmei akatundika sebuleni pazia la buluu, kitambaa kizuri kuliko vyote dukani, mtoto asimame mbele yake. Akanunua taa ya duara. Wateja wakija jioni wanaambiwa warudi kesho. Na ile aya, ambayo zamani ilisomwa mara moja na kuelezwa mara moja, sasa ikawa inasomwa mpaka koo linakauka.

"Kidevu juu. Tabasamu. Tena."

"Mama, hili neno la katikati silielewi."

"Umelitamka vizuri?"

"Nimelitamka."

"Basi yatosha. Kamera haiulizi maana. Tena!"

Jioni moja, Peiqing akiwa sentensi ya mwisho kabisa, Mzee Rao akakohoa. Kikohozi chake si cha mchezo, ni cha mtu aliyekula vumbi la barabara za milimani miaka na miaka.

Fengmei akazima kamera kwa hasira. "Baba! Sasa ndiyo nini?"

"Ni kikohozi, mwanangu. Hakikuomba ruhusa."

"Juzi Mama Siyuan kauliza kama tunafuga mbuzi humu ndani!"

"Mwambie tunaye mmoja," mzee akajibu, "tena beberu, na ndevu anazo."

Peiqing akaangua kicheko. Fengmei hakucheka. Kesho yake alihamishia kitanda cha mzee kwenye chumba cha nyuma, kile cha kuwekea majora ya vitambaa, kule nyuma ya jiko. Akamwekea chupa ya maji ya moto na kikombe chake cha bati, akamfungia mlango, na juu ya mlango akabandika karatasi yenye herufi kubwa: KIMYA, TUNAREKODI.

"Mama," Peiqing alisema, "babu anakohoa kwa sababu ana kifua. Hatukomoi."

"Na mimi nafanya haya kwa sababu gani? Mwakani ni mtihani. Nusu ya darasa lenu haitaingia sekondari ya juu. Nusu! Unataka uje ukae kwenye cherehani hii? Angalia vidole vyangu. Nimesema angalia!"

Peiqing akaviangalia. Vilikuwa vimetobolewa na sindano mpaka ngozi imekuwa ngumu. Nami sitaki mtu aondoke hapa akisema Fengmei hakumpenda mwanawe. Alimpenda sana, na alikuwa na hofu ya kweli, hofu ambayo kila mmoja wetu anaijua. Ila hofu ile ilipokutana na vile vidole gumba vya kwenye simu, mama wa watu akalewa, na mlevi hajui amemkanyaga nani.

Mzee hakubishana. "Mwacheni mtoto asome," alisema, akaingia kule nyuma na bakuli lake. Kikohozi kikimjia alijifunika uso kwa mto mpaka kipite. Video ikiisha kutumwa, Peiqing anakimbilia kazi nyingine za shule, na akipata nafasi ya kuchungulia chumba cha nyuma anamkuta mzee kashalala. Lile swali likawa halina wa kuliuliza. Na Peiqing, taratibu, akaacha kujiuliza.

Nawaambia ukweli, akawa kasuku. Kiingereza kilimtoka mdomoni kama cha redioni, kitamu, hakina mkwaruzo. Ukimpa aya na maswali chini yake, anakodoa macho. Kwenye majaribio ya shule alama zake za ufahamu zilianza kuteleza, huku maua ya jioni yakizidi kumiminika. Fengmei alizitazama zile alama akasema ni uzembe tu, atafidia, akarudi kwenye maua.

Kisha wilaya ikatangaza mashindano ya kusoma Kiingereza kwa sekondari zote. Video zipelekwe Jumamosi, mwisho saa kumi na moja jioni. Mwalimu Xie akamteua Peiqing. Mama Siyuan akaandika, "Tunakutegemea, Mama Peiqing," na Fengmei usingizi ukamruka.

Jumamosi hiyo duka halikufunguliwa. Mchana kutwa mtoto kasimama mbele ya pazia la buluu, nywele zimebanwa hadi macho yanamvuta, taa ya duara inamchoma usoni. Aya ilikuwa mpya na ndefu. Peiqing alikuwa ameikariri kwa mahadhi, anajua wapi sauti ipande na wapi ishuke. Ukimuuliza inahusu nini, angekwambia kuna msichana na kuna piano. Basi.

Alasiri imekwisha kusogea, wakasikia kitu kule nyuma. *Ngo.* Kimya kidogo. *Ngo, ngo.*

"Ni babu," Peiqing akasema.

"Anataka maji tu. Na maji nimemwekea." Fengmei akaenda hadi kwenye ule mlango. Hakuufungua. Aliinamia ubao akasema, "Baba, kidogo tu! Tunamaliza sasa hivi!" Akarudi mbio. "Haya. Toka mwanzo."

"Mama, fungua umwone."

"Saa inakwenda! Soma!"

Akasoma. Hilo Peiqing hajalikana hata siku moja, na mtu akitaka kumtetea humkatiza. Alisoma yote toka mwanzo hadi mwisho, kidevu juu, tabasamu limekaa mahali pake, na nyuma ya sauti yake kikombe cha bati kinagonga ukuta. Hakukosea hata neno moja.

"Safi!" Fengmei alipiga makofi. "Safi kabisa! Tupige nyingine moja ya akiba."

Peiqing akaanza tena. Alifika katikati, na kule nyuma kikagonga tena, mara moja, kwa udhaifu, kama mtu aliyechoka. Na hapo hapo, wazazi wenzangu, yale maneno yakamfungukia. Ukuta. Jirani. Mzee. Kugonga. Yalikuja moja moja na maana zake, kama zamani alipokuwa akiyasaka kizingitini. Aya ile ilikuwa ya msichana anayepiga piano, akasikia jirani yake mzee anagonga ukuta. Akaiacha piano, akakimbia. Siku zote hizo alikuwa akiiimba na hakuwa ameisikia.

Sauti ikamkatika.

"Endelea!" mama akasema.

"Mama, unajua ninasoma nini?"

"Peiqing, usinianze."

"Hujui. Na mimi sikujua! Babu anatugongea ukuta na mimi nimesimama hapa natabasamu!"

"Ukitoka mbele ya hilo pazia leo utanitambua!"

"Nikutambue basi!"

Akatoka. Pazia lilimnasa begani, akalivuta kwa hasira likaporomoka lote pamoja na bomba lake, na ile taa ikaenda chini. Akaisukuma karatasi ya mama yake na mlango wake. Mzee Rao alikuwa sakafuni kati ya majora ya vitambaa, mdomo umeenda upande, mguu mmoja hauna habari naye. Sauti ilikuwa imemkimbia. Kilichobaki ni mkono wa kushoto, na kwenye mkono huo kikombe cha bati, na ukutani rangi imebanduka pale alipokuwa akigonga.

Hospitalini daktari, mwanamke wa makamo asiye na maneno mengi, aliuliza, "Imeanza saa ngapi?"

"Sasa hivi tu," Fengmei akajibu.

"Si kweli," Peiqing akasema. "Alianza kugonga kabla. Nilikuwa nasoma."

Daktari aliwatazama wote wawili. "Ni kiharusi. Uhai tumeuwahi. Mngemleta alipoanza kugonga, pengine na maneno tungeyawahi. Sasa sijui kama ataongea tena."

Peiqing alikaa kwenye benchi la ukumbini, akawa anawaza jambo moja tu, kwamba babu yake aliyewaeleza vijiji vizima filamu za kigeni amenyang'anywa ulimi, na yeye alikuwa chumba cha pili na tabasamu. Alipoinua macho alimwona mama yake kaelekea ukutani, kainamia simu, kidole kinapapasa.

"Mama, unafanya nini?"

"Nawaambia wateja duka limefungwa."

Alimwamini. Mtu gani angefikiria lingine?

Siku chache baadaye majibu yakatoka. Peiqing alikuwa kando ya kitanda akimlisha babu uji wa mchele kwa kijiko, mama kaenda kuchota maji ya moto, na simu ya mama iko juu ya blanketi. Ikaanza kulia mfululizo. Maua. Maua juu ya maua. Rao Peiqing wa kwanza wilaya nzima! Mwalimu Xie kaiweka video kwenye kundi ili watoto wengine waige.

Peiqing hakuamini macho yake. Akaifungua. Akajiona kasimama mbele ya pazia la buluu, kidevu juu. Fengmei alikuwa ameituma ile safi, kutoka ukumbi wa hospitali, saa kumi na moja haijagonga, baba mkwe wake yuko ndani na mipira puani. Na kwenye video, nyuma ya kile Kiingereza kizuri, ikasikika wazi: *ngo, ngo.*

Mzee Rao aligeuza macho. Naye aliisikia. Aliitazama ile simu, halafu akamtazama mjukuu wake, na chozi moja likamtiririka upande ule wa uso uliokuwa bado na uhai.

Chini ya video Mama Siyuan alikuwa ameuliza: "Mama Peiqing, hongera! Ila hiyo sauti ya kugonga nyuma ni ya nini, jamani?"

Na jibu la Fengmei liko pale, limeandikwa asubuhi hiyo hiyo: "Mtusamehe, ni jirani alikuwa anapigilia misumari."

Mlango ukafunguka, Fengmei akaingia na birika. Aliona simu iko mkononi mwa nani, akaona na uso wa mtoto, akajua.

"Peiqing, weka simu chini. Nitakueleza."

Peiqing akabonyeza pale pa ujumbe wa sauti.

"Weka chini nimesema!"

"Kimya, Mama," Peiqing akasema. "Ninarekodi."

Nami niliusikia ujumbe ule, kama walivyousikia wote wenye mtoto darasa lile. Sauti haikutetemeka. Haikuwa na mahadhi wala tabasamu.

"Mimi ni Rao Peiqing. Hiyo sauti si ya misumari, na wala si ya jirani. Anayegonga ni babu yangu. Alikuwa ameanguka, anatuita kwa kikombe chake, na mimi nikaendelea kusoma kwa sababu tulikuwa tunarekodi. Niliisoma aya yote na sikujua inasema nini. Mliotuma maua, isikilizeni tena. Mwalimu Xie, nakuheshimu, lakini hayo mashindano nimejitoa na hizo video sisomi tena, hata mnifukuze. Nitamsomea mtu anayetaka kujua ninasoma nini."

Akaachia kidole. Ujumbe ukaenda.

Hakuna ua, hakuna kidole gumba. Fengmei alisimama na birika lake.

"Umenivua nguo mbele ya watu wote," alisema.

"Babu alikuwa sakafuni, Mama."

"Nilifanya kwa ajili yako!"

"Sikutaka! Nilikuambia umfungulie, ukaniambia nisome. Nilikuambia silielewi neno, ukaniambia kamera haiulizi. Mimi ndiye niliyesimama pale, Mama, na mimi ndiye nitakayeisikia hiyo sauti maisha yangu yote. Usiniambie ni kwa ajili yangu."

Fengmei akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Alilia, na hakulia kwa staha. Alilia kwa kelele mpaka muuguzi akachungulia. Na Mzee Rao, kwa ule mkono wa kushoto uliokuwa ukigonga, akapapasa blanketi mpaka akaupata mkono wa shati la mkwewe, akaushika. Simu iliita tena baadaye. Fengmei hakuipokea.

Mwalimu Xie alikuja hospitalini na mfuko wa machungwa. Alikaa kwenye ncha ya kiti, msichana wa watu, bado mdogo. "Ile video niliisikiliza mara nyingi," alisema. "Nilikuwa nasikiliza matamshi. Huko kugonga sikukusikia kabisa. Sijui nitajisamehe vipi." Wiki ile akafuta Sauti ya Siku. Msidhani kila mtu alifurahi. Mama Siyuan alilalamika kwamba watoto wenye bidii wanarudishwa nyuma kwa sababu ya nyumba moja yenye matatizo, akafungua kundi lake mwenyewe, na lipo mpaka leo, na baadhi yenu mliokaa hapa mmo. Msinikodolee macho, mnajijua.

Mzee aliporudi nyumbani, kitanda chake kiliwekwa mbele, karibu na kizingiti. Lile pazia la buluu Fengmei alilikata kwa mkasi, akashona foronya za mito ya mzee. Ule mlango wa chumba cha nyuma aliung'oa bawaba kwa mikono yake.

Daktari alikuwa amesema maneno yafundishwe upya, moja moja, bila kuchoka. Hiyo kazi Peiqing aliijua. Nyumba nzima ilikuwa na vikaratasi vyake vya msamiati wa Kiingereza, kwenye kiti, kwenye birika, kwenye dirisha. Sasa kila jioni walizunguka navyo. Yeye anamwonyesha babu kitu ili ajaribu kukitaja kwa lugha yao. Halafu mwenyewe anakitaja kwa Kiingereza. Wakikosea, wanakosea wote.

"Hiki nini, Babu?" Anamwonyesha kiti.

Mzee anahangaika, shingo inamtoka mishipa. "Chu... chura."

"Chura! Babu, umemkalia chura siku zote hizo na hajalalamika?"

Na mzee anacheka na nusu ya mdomo, mpaka anapaliwa, anakohoa anavyotaka, kwa nguvu, na hakuna anayemnyamazisha. Lakini maneno yalikuja kwa uchungu. Neno hapa, neno pale, kesho limepotea. Baridi ikapita hivyo. Sentensi nzima haikumtoka hata moja, na Peiqing hakutamka hadharani, ila alikuwa akisubiri moja tu.

Maharage mabichi yakarudi sokoni. Jioni moja Peiqing alikaa kizingitini, aya mapajani, anasoma kwa sauti huku anajikwaa, anarudi nyuma, anafungua kamusi. Bakuli liko kwa mzee, anamenya kwa mkono mmoja, nusu ya maharage yanaanguka. Ndani cherehani ya Fengmei inakwenda. Aya ikaisha. Peiqing akafunga kitabu.

"Ha..." mzee akasema.

Peiqing akageuka.

"Hadithi," mzee akasema. Taya inamcheza, jasho linamtoka. Cherehani ndani ikasimama. "Hadithi... ina... inasemaje?"

Peiqing alijifuta uso kwa mkono wa sare ya shule, akakifungua tena kile kitabu, akatafuta pa kuanzia.

"Ni ya Jack, Babu," akasema. "Kaenda maktaba."

Mzee Rao aliacha kumenya. Alimtazama mjukuu wake kwa mshangao mkubwa, akakusanya nguvu zake zote.

"Tena?!"

Aliyeanza kucheka ni Fengmei, kule ndani.

FUNZO LA HADITHI HII

Naliweka wazi ili mtu asije akasema hakuelewa. Mtihani upo, na Peiqing ataufanya mwaka huu kama watoto wenzake. Leo hii si wa kwanza darasani, yuko katikati, lakini akisoma anajua anachosoma, na ukimuuliza maana atakueleza mpaka uchoke. Ninachokikataa, na nitakikataa hata nikibaki peke yangu mtaa huu mzima, ni kumgeuza mtoto pambo la simu ya mzazi. Mtoto anayesomea makofi ya watu hajifunzi kitu, anajifunza makofi. Na nyumba inayowanyamazisha wazee wake ili mtoto asikike vizuri imekwisha kumfundisha huyo mtoto somo baya kuliko yote, halafu tunashangaa akitunyamazisha na sisi.

Kwa hiyo leo mkirudi nyumbani, mtoto akifungua kitabu, ifungueni na milango. Babu akohoe. Sufuria zigongane. Muulizeni hadithi inasemaje, na mkae chini kulisubiri jibu. Na ukisikia mtu anagonga, mzazi mwenzangu, usiseme kidogo tu. Nenda ukafungue.